Alama Chini ya Chungu

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa. Hata chungu alikifinyanga akikizunguka yeye, huku akiimba pambio na kuuliza nani anapita.

Katika kabila letu dogo la wafinyanzi, yeye ndiye aliyewafundisha wanawake simu za kupangusa. Wengi hawakujua kusoma, na simu zilitaka kufuli. Akakumbuka kwamba kila mfinyanzi ana alama yake, anayoikwaruza chini ya chungu kabla hakijachomwa.

"Ichore kwenye hizi nukta tisa," aliwaambia. "Hiyo uliachiwa na mama yako, hutaisahau."

Wakaweza siku hiyo hiyo. Shangazi akatamba mwezi mzima.

Kisha kampuni ya matofali ikalitaka shimo la udongo. Ofisi ya ardhi ikawaagiza wanachama kumi na wawili wa chama cha wafinyanzi wajibu kwa simu, Nakubali au Nakataa, kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa. Wengi wakikubali, shimo limekwenda, na bila shimo hakuna chungu.

Ijumaa hiyo, saa saba, Shangazi aliifuata simu yake dukani kwa dalali wa vyungu, ambako wote walichaji. Akaifungua ajibu. Akakuta imeshajibiwa: Nakubali.

Miguu ikamwasha. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, bibi mmoja mkavu wa maneno waliyemwita Kigae.

"Dada, fungua simu yako."

"Ina nini?"

"Fungua kwanza!"

Nayo ilisema Nakubali.

"Imejijibu yenyewe?" Kigae alishangaa. "Basi na vyungu vijifinyange, mimi nikalale."

Shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama vyungu vya Kigae vilivyofudikizwa uani vikauke, alama zote juu, wazi kwa kila mpita njia. Miaka kumi dalali amekuwa akivipindua vyungu vyao kujua kipi cha nani.

"Ni mimi," alisema. "Mwizi nimempa funguo mimi mwenyewe."

"Ulitaka kusaidia, mwenzangu. Mungu anaona."

"Mungu anaona, lakini saa haimsubiri mtu. Inuka!"

Jibu liliweza kubadilishwa hadi muda ufungwe. Basi wakabadilisha majibu yao, wakatoka mbio nyumba kwa nyumba. Yeye aliyetufokea miaka yote kwa kutopiga hodi, siku hiyo aliingia kama upepo. Kwanza jibu, halafu alama.

"Chora kitu ambacho hujawahi kukichora popote. Hata mimi usinionyeshe. Geukia ukuta!"

Mke wa kinyozi akamsihi, "Nichoree wewe, Shangazi, mimi nitakosea."

"Kosea tu. Nilichowachorea kimetosha."

Njiani wakakutana na dalali, ambaye baadaye tulisikia kampuni ilikuwa imemwahidi fungu lake. "Mbona mbio, mama zangu? Mimi niliwarahisishia tu, mambo haya hamyajui."

"Hatuyajui?" Shangazi hakusimama. "Subiri saa kumi."

Muda ulipofungwa, saba walikuwa wamekataa. Shimo likabaki letu. Kigae aliketi chini akamshukuru Mungu kwa sauti, lakini Shangazi aliwawaza wale watano ambao hakuwafikia. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwao na somo jipya. Alisema kufundisha nusu ni kumpa mtu kisu kisicho na mpini.

Ametangulia majuma matatu sasa. Mungu aliyemfinyanga na aijue kazi ya mkono wake. Simu yake iko mezani, ndani yake kuna picha, na sauti yake akiimba. Tumejaribu alama yake ya zamani aliyoachiwa na mama yake, hata msalaba. Haifunguki. Tukamwita Kigae, labda aliwahi kumwona akifungua.

"Mimi niliyekimbia naye aliniambia nigeukie ukuta," alisema, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nyie mlidhani atawachungulisha?"