Sauti ya Mama katika soko la Sake

Juzi niliona dukani mashine ya kunasa sauti na kuzipiga kwa vidole, hasira ikanirudia. Wakati ule tulikuwa tumekimbia vita kwetu Muheto, na kaka yangu alitaka mashine kama hiyo kwa ajili ya kwaya. Pale sokoni Sake, penye harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, muuzaji aliunganisha moja kuukuu kwenye betri ya gari na spika. Kaka akabonyeza kitufe, ikatoka sauti ya mama yetu akiimba.

“Papa, hii njo ya kwaya yetu!” kaka akamwambia muuzaji.

“Kama iko yako, leta fakture,” muuzaji akajibu, akitaka risiti ya kuinunua.

Nilicheka, nikidhani mashine imejifunza wimbo wetu njiani. Kumbe ndiyo ile ya kwaya, iliporwa kanisani kwetu, sauti ya mama ikiwa bado ndani. Tulikimbia bila viatu. Nani angebeba fakture? Kaka akainunua tena, na yule muuzaji akadai tumwambie asante.