Nilivyohesabu mizani kwenye matanga ya jirani yetu, mtaani Rwambuzi, Bunia

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe na siongezi chumvi.

Miaka ya vita ya Ituri nilikuwa mwanafunzi hapa Bunia. Jirani yetu, Mama Masika, muuza vitenge kutoka Butembo, aliletewa karatasi na mtu aliyekimbia kutoka Nizi. Mume wake, Paluku, alikuwa akichimba dhahabu huko.

Lilikuwa shairi la maombolezo. Jina moja tu lilikuwemo, mstari wa mwisho:

Kaditama naishia, Paluku wa kule Nizi.

Sisi tumezoea nyimbo za matanga, na jina linalotajwa humo ni la marehemu. Aliyelisoma akapiga yowe. Matanga yakaanza.

Mimi na kiherehere changu nikaiomba ile karatasi. Mwalimu wa madrasa mtaani kwetu alinifundisha mashairi, basi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mizani nane, nane. Safi kabisa!

Mama Masika akaniona.

"Bwana yangu amekufa, weye uko unahesabu nini?"

Niliona aibu, lakini sikuacha. Vina ndivyo vilivyonishika:

Umelala peke yako, mwenzangu wa shimo langu.

Beti zote hivyo, isipokuwa ule mstari wa mwisho. Vina vya kati -ko, vya mwisho -ngu. Yako, langu. Kila mstari una watu wawili, aliyeondoka na aliyebaki analia.

Hapo nikakumbuka: kwenye ubeti wa mwisho, mtunzi hujitaja mwenyewe! Ndiyo desturi. Paluku alikuwa akiishi kambi moja na wachimbaji Waislamu, lazima alijifunza kwao.

Nikaropoka mbele ya watu wote: "Mama, Paluku ndiye ameandika! Siye marehemu!"

"Paluku iko muzima?"

Alicheka, wakuu. Alisimama akanikumbatia, wanawake wakaanza vigelegele. Nilijiona profesa.

Kisha akaniachia. Akaniomba nimsomee tena ule mstari wa shimo. Nikasoma, bado natabasamu.

"Mu ile shimo walikuwa wawili tu," akasema polepole. "Yeye na Kambale, mudogo yangu."

Akakaa chini palepale alipokuwa amekaa asubuhi. Matanga yakaendelea, jina tu ndilo lililobadilika.

Paluku alirudi baadaye, akathibitisha yote. Lakini mimi bado najilaumu. Nilichojifunza: ukishajua nani anayelia, uliza analiliwa nani kabla hujafungua mdomo.

Nyie mnaojua mashairi, mngemwambiaje yule mama?