Malachy na Pafu Lake Moja

Malachy Gilrane alirudi kijijini Gurteen, Ireland, kutoka hospitali na pafu moja. Daktari alikuwa amemkataza kupuliza hata mshumaa, lakini Jumapili akaingia baa na filimbi yake ya mbao. Abishe anayebisha, kaunti nzima ya Sligo haikuwa na mpulizaji kama yeye.

Attracta, mwenzake wa fidla tangu ujana, akamwambia, “Mzee, leo tupige polepole.”

“Polepole tutapiga kwenye matanga yako. Wewe endesha.”

Wakaanza. Zamani Malachy alivuta pumzi kwa kuruka nota moja ya wimbo. Sasa aliruka tatu, na Attracta akaziba mapengo kwa fidla bila kumtazama. Wimbo ulipokwisha Attracta alitaka kushusha upinde wa fidla, mzee apumzike. Malachy akamkanyaga mguu na kuunganisha wimbo wa pili, wenye kasi zaidi.