Chanzo Namba Saba

Kwa miaka mingi majirani zangu wa Kaaga, mjini Meru, walinisaidia kuficha kazi yangu. Kila mtu mtaani alijua ninafanya kazi gani, na kila mtu, kwa adabu ya watu wa kwetu, aliniuliza habari za ng'ombe. Ofisi yetu ilikuwa Makutano, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na uongo rasmi ulikuwa kwamba mimi ni karani wa mambo ya mifugo. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniletea kinyesi cha ndama wake ndani ya kopo la majani chai ili nimwulizie dawa huko kazini. Nikashuka ngazi nikamwulizia, na ndama akapona. Katika kazi yangu yote ya ujasusi, sikumbuki taarifa nyingine iliyomfaa mtu upesi kiasi hicho.

Idara yenyewe sitaitaja. Ilikuwa imeoza, na sitaki mtu aseme ninaitetea. Kila Ijumaa tulipeleka taarifa kwenye ofisi ya kanda, Embu, na wiki tisa kati ya kumi taarifa ilikuwa na maneno matatu: hali ni shwari. Wakubwa wangu waliyaandika hotelini, nyama choma ikiwa mezani. Mmoja alikwenda likizo ya wiki tatu na taarifa zake zikaendelea kufika, kwa sababu alikuwa ameziandika zote kabla ya kuondoka. Hakuna aliyemkaripia. Waliokuwa juu yake walipanda vyeo kwa maneno hayo hayo matatu.

Ndipo tukaletewa Kanali. Alikuwa mstaafu wa jeshi, na alitumwa kuisafisha ofisi ya kanda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu yule hakula rushwa, alifika kazini kabla ya bawabu, na alisoma kila karatasi aliyoletewa. Kama angekuwa mjinga au mwizi ningemchukia kwa raha zangu. Taabu yake ilikuwa moja tu. Alidhani kazi ya masikio inatengenezwa kama kambi inavyotengenezwa.

Wiki ya kwanza tulipakwa chokaa. Hapana, nimekosea, mawe ya uani ndiyo yaliyopakwa, ingawa nasi hatukuwa mbali. Wiki ya pili likaja gwaride la kila Jumatatu, saa moja asubuhi, Embu, na mimi na magoti yangu mabovu ilibidi niondoke Meru kukiwa bado giza ili nisimame wima mbele ya mlingoti wa bendera. Dereva wetu, mzee wa Embu aliyetumia miaka thelathini kujifunza kufanana na mtu yeyote, alifundishwa kupiga saluti. Akamkuta Kanali kwenye kituo cha petroli, mbele ya wauza mahindi na makanga wa matatu, akampigia saluti hadi viatu vikalia. Kuanzia siku hiyo wauza mahindi nao walimwita dereva huyo afande.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni fomu.

Fomu ilikuwa ndani ya kompyuta, na katikati yake palikuwa na kisanduku kilichoandikwa Tukio. Neno "shwari" lilipigwa marufuku. Ukiliandika, mashine inakataa kupeleka. Ukiandika "hakuna", inakataa. Ukiacha wazi, inakataa. Kwenye gwaride mwenzetu mmoja aliuliza afanye nini ikiwa wiki imepita bila jambo lolote. Kanali akamjibu kwamba wiki bila jambo haipo, kuna ofisa ambaye hajatembea vya kutosha.

Basi tukatembea, na tukaandika. Tuliandika mazishi yaliyohudhuriwa na watu wengi. Tuliandika foleni ya mbolea. Ofisa mmoja wa huko Embu aliripoti kwaya moja wiki tatu mfululizo, kwamba inafanya mazoezi kupita kiasi. Zamani tulidanganya kwa kunyamaza, sasa tukawa tunadanganya kwa bidii, na haya ndiyo yaliyoitwa mageuzi.

Hapa lazima nimweleze Namba Saba. Kanuni ya zamani ilisema ofisa hawezi kuwa chanzo cha taarifa yake mwenyewe. Lazima awe ameambiwa na mtu. Sasa mimi nimesimama sokoni, nimeona kwa macho yangu mawili, niseme nimeambiwa na nani? Kila ofisa alitatua jambo hili kwa njia moja: alijitungia mtu. Wangu alikuwa Chanzo Namba Saba, mkulima wa makamo kutoka Imenti Kusini. Nilimfanya mwanamume kwa sababu nilijua angeaminiwa haraka. Kwa miaka kumi na tisa kila nilichokiona mimi, alikiona yeye. Vijiji viwili vilipokaribia kukatana mapanga kwa ajili ya bomba la maji, ni Namba Saba aliyetuonya mapema, wazee wakakutanishwa, na hakuna aliyeumia hata kidole. Kanali alipofika akayasoma hayo, akampandisha Namba Saba daraja la kwanza na kumsifu kwenye gwaride. Mimi nikiwa nimesimama wima, magoti yakiniuma, nilimwonea mzee huyo wivu.

Jumamosi nyingi mimi huteremka Mitunguu kununua ndizi. Kuna kikundi cha wanawake pale ambacho hukutana kwenye banda la kukusanyia ndizi kupanga zamu za maji ya kunyunyizia mashamba. Katibu wao alikuwa binti wa rafiki yangu aliyefariki, tuliyesoma naye shule moja. Binti ana masomo ya chuo, amerudi nyumbani kulima, na ananiita anti. Alikuwa amechora ratiba ya maji kwenye karatasi kubwa ya manila ili pasiwe na mtu wa kumwibia mwenzake zamu. Siku hiyo nilikula mukimo wao wa viazi na mahindi, nikawasahihishia mistari miwili ya kanuni zao, nikapewa mkungu.

Ijumaa iliyofuata kisanduku kilikuwa kinanisubiri. Sikuwa na kitu. Nikaandika: mkusanyiko wa wanawake wapatao thelathini, Mitunguu, kuhusu maji, kiongozi wao (hapo nikaweka jina lake) ni kijana msomi mwenye ushawishi mkubwa. Chanzo: Namba Saba. Naapa nilipoandika "ushawishi mkubwa" nilikuwa ninamsifu. Nikabonyeza, nikaenda nyumbani kupika.

Miezi minne baadaye binti alinijia Kaaga. Alikuwa amefanya mahojiano ya kazi ya naibu wa chifu na kuwashinda wanaume wote. Jina lake likapelekwa kupigwa msasa, na likarudi na doa. Hakukaa vizuri kitini. Alikuwa mtoto wa watu wa adabu, kwa hiyo hata siku hiyo aliniheshimia ng'ombe zangu.

"Anti, wewe unajuana na watu wa mifugo," akasema bila kucheka. "Nimeambiwa ati jina yangu iko na shida. Ati mimi huchochea watu. Nimechochea nani? Mimi niliandika taimtebo ya maji."

Alikuwa amepewa wiki mbili kujitetea, kisha nafasi iende kwa aliyemfuata. Nikamwambia nitauliza. Nilipomsindikiza hadi langoni sikuweza kumtazama. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Asubuhi yake nilikaa mbele ya kompyuta nitafute pa kufuta. Hapakuwa na pa kufuta. Nikampigia simu fundi wa Embu, akanieleza kwa upole, kama anayezungumza na nyanya yake, kwamba taarifa haifutwi, huongezewa. Sawa. Nikaandika taarifa ya pili: kikundi ni cha maji tu, hakina siasa, katibu ni mtu mwema. Mashine ikazipokea zote mbili, ikahesabu kwamba chanzo cha daraja la kwanza kimemtaja mtu yule yule mara mbili, na kando ya jina lake ikaweka mshale mwekundu unaoelekea juu. Maana yake hatari inaongezeka. Nilitamani kuitupa mashine ile dirishani iangukie magunia ya chakula cha kuku.

Njia ikabaki moja. Taarifa haifutwi, lakini chanzo kinaweza kushushwa daraja, na kikishushwa, kila taarifa yake hupoteza uzito. Kulikuwa na fomu ya hilo pia, bila shaka. Ilitaka mkuu wa kanda, naye ni Kanali, amwone chanzo ana kwa ana kwanza. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa nistaafu kwa heshima, na keki, na hotuba.

Nilipiga simu kwamba ninamleta Namba Saba, na Kanali alifurahi aliponiona mlangoni kwake Embu. Alisema amekuwa akitaka kumwona mzee yule siku nyingi, akachungulia nyuma yangu kwenye ujia.

"Yuko wapi?"

"Umemwona, afande," nikasema.

Akafungua faili, akaipekua ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka.

"Hata yule wa bomba la maji?"

"Ni mimi."

"Na hawa wanawake?"

"Ni mimi. Tena nilikula chakula chao."

Nilimwomba alikate jina la binti kwa kalamu yake tu, mstari mmoja, mambo yaishe, aniadhibu mimi atakavyo. Akakataa. Alisema siku atakayokata jina moja kwa kalamu, kesho yake wenye magari makubwa watapanga foleni hapo nje kila mmoja na jina la mwanawe. Nilijua anasema kweli. Nilimkasirikia zaidi kwa sababu hiyo. Nikamwambia kwamba wazembe wake wa zamani walioandika shwari hawakumharibia mtu yeyote maisha, na sisi aliotunyoosha tumeharibu. Alinisukumia fomu.

Nikajaza. Jina la chanzo: Namba Saba. Sababu ya kushushwa: hakiaminiki, kimeficha utambulisho wake, kimetia chumvi. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwongo, nikatia sahihi mara mbili, kama ofisa na kama chanzo. Fundi akaingia akabonyeza, na nikaona taarifa za miaka kumi na tisa zikigeuka rangi moja baada ya nyingine hadi chini, ile ya bomba ikiwemo. Ile iliniuma. Yalikuwa maisha yangu, na mengi yake yalikuwa kweli.

"Madam," Kanali akasema nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, "wewe ni ofisa wa kwanza kuijaza fomu hii sawasawa."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Barua ya kustaafishwa ilifika wiki ileile. Keki haikuwepo.

Binti alisafishwa, akapewa kazi. Alikuja Kaaga na mkungu wa ndizi begani, amevaa sare mpya, akanishukuru hadi nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, tangu mukimo hadi mshale mwekundu. Akachezea kifungo cha sare yake.

"Anti," akasema mwishowe, "si ungeandika tu shwari."

Akaondoka bila kumaliza chai, na kwa wiki sita hakunipigia simu. Sikumlaumu.

Ijumaa moja alasiri akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kazi, haikuwa na salamu ndefu. Mageuzi, alisema, yameonekana kufaulu, kwa hiyo fomu sasa imeshushwa hadi kwa manaibu wa chifu. Alikuwa nayo kwenye simu yake. Wiki nzima kata yake ndogo ilikuwa imelala kwa amani, wanawake wamegawana maji yao, na mwisho wa kupeleka ilikuwa saa kumi na moja.

"Hapa kwa tukio niandike nini? Nimeandika hakuna, inakataa. Kuna tu ule mkutano wa banda. Hao ni kina mama wangu, anti. Siwezi."

Nilimwambia awaache kina mama. Nikamwambia aandike kwamba mwanamke mmoja, mstaafu, anayejulikana kuwa mwongo, ataonekana Mitunguu kesho akinunua ndizi.

Nikasikia akiandika. Kisha akauliza kama nitakuja kweli, au ni ya kujaza tu.

Nikamwambia nitakuja.