Kumfasiria Mtu Anayeanguka

Nilifika Maskati mwishoni mwa mwaka 1970 na shahada ya historia kutoka Uingereza, nikakuta kila anayetafuta mtu anatafuta kitu nisichokuwa nacho. Serikali mpya ilitaka wahandisi. Hospitali ilitaka madaktari. Kampuni ya mafuta ilitaka mfasiri wa Kiingereza na Kiarabu, na hapo nilikaribia zaidi kuliko pengine popote, kwa kuwa nusu ya kazi niliiweza.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani na cha msikitini, Unguja. Nyumbani tulisema Kiswahili. Niliweza kusoma vitabu vya dini na kuifuata khutba ya Ijumaa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini sikuwahi hata mara moja kuomba chumvi kwa Kiarabu.

Kazi ile niliihitaji kwa sababu moja. Mama alikuwa Matrah, karibu na Maskati, tangu 1964, katika chumba kimoja nyumbani kwa kaka yake. Mambo ya kwetu Unguja, ya mwaka ule, yalipotokea mimi nilikuwa masomoni, na kwa miaka sita hatukuonana. Sasa tulikuwa tumeonana, na kama ningekosa kazi ningelazimika kwenda Dubai kwa binamu yangu, kuhesabu mifuko ya saruji, na yeye angebaki. Hakunilalamikia. Kila asubuhi aliniuliza tu, akinimiminia chai, "Leo utawaona wale watu wa mafuta?"

Mtu wa kunipima alikuwa mkuu wa wafasiri, mzee mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa bara ya Oman, ambaye hakuwahi kufika Unguja na hakuona kwa nini mtu afike huko. Aliniuliza kama najua Kiarabu. Nikafikiri. Kujua ni nini hasa? Nikafikiri mpaka akamaliza kahawa yake, akajimiminia nyingine.

"Ya ustadh," alisema, "hilo lilikuwa swali jepesi."

Akaamua nijaribiwe kwa vitendo. Siku ya pili ya Idi, bosi wa Kiingereza angewaonyesha wafanyakazi na jamaa zao sinema ya kwao, uwanjani kambini, baada ya magharibi. Mimi nisimame kando ya kitambaa cha sinema na kipaza sauti, niwafasirie. "Wakifahamu, kazi yako. Wasipofahamu, tutaagana vizuri."

Kwa siku nne niliandika maneno katika daftari. Nilijiandaa kwa sinema ya vita, ya mapenzi, ya mahakama na ya madaktari. Nilijua Kiarabu cha "mheshimiwa hakimu" na cha "bomba limepasuka". Halafu, jioni yenyewe, bosi akanionyesha makopo ya filamu huku akitabasamu kama aliyeleta halua, na nikaitambua.

Ilikuwa moja ya zile sinema za zamani za Kiingereza za watu wanaoanguka. Hii ilikuwa ya wanaume wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene, waliotumwa kupeleka kabati la nguo upande wa pili wa mji. Niliwahi kuitazama mara tatu. Katika mji niliosomea palikuwa na nyumba ndogo ya sinema yenye joto kuliko chumba changu, na mwezi ule ambao barua kutoka nyumbani hazikuja, nilikuwa nakwenda pale karibu kila siku. Wenzangu waliokuja kuota joto walisinzia. Mimi nilicheka mpaka mngoja mlango akaja kuniangalia kama ni mzima. Sikujua kwa nini nilicheka namna ile, na baadaye niliandika kurasa kadhaa kujaribu kujua. Nilichokipata ni hiki tu: mtu yule mnene alianguka kwa kila namna, na kila mara aliinuka, akapangusa kofia yake, akaivaa sawasawa, kama vile dunia inamtazama na kofia ndiyo jambo kubwa. Nilimwamini. Sikuwa na mtu mwengine wa kumwamini mwezi ule.

Shida ilikuwa kwamba katika sinema nzima hapakuwa na maneno kumi. Watu wale walianguka kimya.

Mwanzoni nilipata raha. Hakuna maneno, hakuna Kiarabu, hakuna makosa. Nikakaa na raha hiyo kwa dakika moja hivi, kisha nikamwona mkuu wa wafasiri amekaa kiti cha mbele, kalamu mkononi, anasubiri kunisikia. Nikinyamaza, atajuaje kama ninajua? Nikinyamaza vizuri sana, atajuaje kama sijui?

Taa zikazimwa. Mrefu na mnene wakatoka dukani na kabati lao. Nikafungua mdomo, na kikatoka Kiarabu pekee nilichokuwa nacho, Kiarabu cha mimbari.

"Enyi watu," nilisema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yangu mpaka milimani, "mtazameni mja huyu. Amebeba mzigo, wala hatazami anapokanyaga."

Wafanyakazi waliokuwa wamejilaza kwenye mikeka wakakaa vizuri. Mmoja akazima sigara. Mnene akakanyaga ndoo ya chokaa, akateleza, kabati likamfuata, na Waingereza wote nyuma wakaangua kicheko. Upande wetu hakucheka mtu. Mzee mmoja akasema kwa huzuni, "La hawla."

Nikaona nimeharibu. Nikaendelea, kwani kuacha katikati kungeonekana kukiri. Nikawaeleza kuwa mtu huyu ameonywa na hakuonyeka. Ngazi ilipotokea nikawatahadharisha juu ya ngazi. Mnene akaipanda hivyo hivyo, na watu wakasikitika.

Nyuma, upande wa wanawake, walikuwapo wengi wa kwetu Unguja, na wao walitaka Kiswahili. Nikaongeza Kiswahili. Hilo lilikuwa kosa jengine, kwa sababu waliposikia lugha yao walidhani wameruhusiwa kuuliza.

"Kabati la nani hilo?" sauti moja ikauliza.

Sikujua. Sinema haikusema. Lakini mfasiri hawezi kusema hajui, basi nikasema, "La bibi harusi."

"Harusi lini?"

"Leo."

"Leo, na kabati bado liko njiani?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yangu, aliyekuja kunisikiza. "Watu gani hawa? Na bwana harusi ndiye yupi, huyo mnene?"

"Mama, mimi nnafasiri."

"Nnajua unafasiri. Nnakuuliza ili ufasiri."

Wanawake wakacheka. Nikalazimika kuwafasiria wanaume kwa Kiarabu ni kwa nini wanawake wanacheka, na kwa Kiarabu changu ikatoka kwamba kina mama wa umma huu wanauliza juu ya hatima ya bwana harusi. Hapo mmoja wa vijana wa kuchimba mafuta akashindwa kujizuia. Akacheka kwa pua, kwa aibu, kama mtu anayecheka msikitini. Jirani yake akamfuata. Nikamwona mzee wa La hawla amejifunika uso kwa kilemba, mabega yanatikisika.

Toka hapo ukawa usiku wa vicheko viwili. Waingereza walicheka mtu akianguka. Sisi tulicheka kabla, nilipotangaza kwamba ataanguka. Bosi aligeuka mara kadhaa kutazama, akijaribu kufahamu tumeona nini ambacho yeye hajakiona.

Kisha fundi wa mashine akabadilisha kopo, akaweka la tatu badala ya la pili. Ghafla kabati likawa vipande vipande, na askari ambaye hatujawahi kumwona akatoka ndani yake, amerowa.

"Huyo nani?" wakauliza kwa lugha zote mbili.

"Ndugu wa bibi harusi," nilisema. "Amekuja kuuliza mambo yamekuwaje."

Likaja kopo la pili. Kabati likawa zima tena, na askari amekauka, anapuliza firimbi barabarani. Sikuweza kukiri kosa la fundi. Ningekiri hilo ningelazimika kukiri na mengine. Nikasema seremala amekuja, na askari amekwenda kubadilisha nguo.

"Mashallah," akasema mtu gizani, "seremala hodari."

Mkuu wa wafasiri hakucheka hata mara moja. Aliandika.

Asubuhi ya watu kurudi kazini baada ya Idi nilikwenda ofisini kwake nimeshajua nitakachomwambia mama. Nilikuwa nimekipanga kwa namna tatu, moja ya furaha, moja ya uzito, na moja ambayo Dubai inatajwa katikati ya jambo jengine. Mzee alinionyesha kiti.

"Kiarabu chako," alisema, "ni cha kumzikia mtu."

Nikasema ndiyo.

"Mkataba wa mafuta huwezi kuufasiri. Utataja bomba, wenzio watadhani bomba limefariki."

Nikasema ndiyo, nikasimama.

"Kaa. Hapa watu wanaanguka kwenye ngazi. Waingereza wamebandika picha ukutani, mtu, ngazi, mstari mwekundu. Hakuna anayezitazama. Leo asubuhi nimepita karakana, nikamwona mtu kakataa kupanda mpaka mwenzake aishike ngazi chini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, tumeonywa." Akaisukuma karatasi mbele yangu. "Utakwenda idara ya usalama. Useme vilevile."

Nilimuuliza kama anamaanisha vilevile kwa maneno au kwa sauti, na kama upo uwezekano kwamba yule mtu alikuwa anafanya mzaha. Mzee alisema uwezekano upo, na kwamba ngazi ilishikwa.

Nikasaini. Mama alipouliza kazi yenyewe ni ipi, nilimwambia nimeajiriwa kuwazuia watu wasianguke. Aliweka kikombe chini, akanitazama, kisha akauliza kama Waingereza hawakuwa na mtu mwengine wa kufanya hilo. Nilimwambia wanao wengi, ila wao wakimwona mtu anaanguka hucheka.

"Na wewe?"

"Mimi nna wasiwasi kabla."

Akafikiri kidogo, akasema basi hapo wamepata mtu, akaniuliza Jumamosi, siku ya kuanza kazi, nataka kuamshwa saa ngapi.