Fundi Saa Aenda Kuchagua Mbwa wa Kupakata

Maduka ya mafundi saa yanafanana kila nilikopita: dirisha dogo, taa iliyoinamishwa, na mtu aliyekunja shingo kama anatafuta sindano aliyoiangusha. Fundi ninayemsimulia hapa alikuwa na lenzi jichoni na sweta lililotoboka viwiko. Nilimpelekea saa yangu iliyosimama. Kabla hajaifungua, akaiweka sikioni.

"Haijafa," akasema. "Imenuna tu."

Anaishi juu ya duka lake pamoja na mkewe, aliyekuwa mpokea simu wa hospitali mpaka nyonga yake ilipozikataa ngazi. Siku hizi mama huyo hashuki ila kwa shida. Dunia humfikia kwa redio na kwa dirisha la jikoni. Ndiyo maana mwaka jana mumewe alimnunulia mbwa. Mdogo, wa kukaa kiganjani, kutoka kwa jamaa aliyekuwa akiuza kwenye buti la gari nje ya soko. "Huyu ni wa kuingia kikombeni, mzee," jamaa alimwambia. "Hakui zaidi ya hapa." Kwa hilo hakudanganya. Mbwa aliugua juma lilelile, akafa huku fundi akikimbia barabarani kumtafuta daktari wa mifugo. Jamaa wa buti naye hakuonekana tena.

Tangu hapo mama aliacha kufungua pazia la jikoni. Miezi ikapita. Halafu siku moja, nilipokwenda kuulizia saa yangu nikaalikwa chai huko juu, akaweka kikombe chini akasema anataka mwingine.

"Lakini nikizika wa pili, sitaki kusikia neno mbwa humu ndani tena. Na safari hii umwone mama yake kwanza." Akanigeukia mimi. "Nenda naye, mgeni. Mume wangu huyu akiona kitu kibovu, anakipenda."

Nilidhani ni utani.

Daktari wa mifugo alituelekeza kwa mwanamke anayefuga mbwa wadogo wa kupakata, nje kidogo ya mji. Ilikuwa nyumba ya kawaida, nguo zikining'inia kambani. Hatukuona vizimba. Watoto wa mbwa walikuwa sebuleni kwake, kwenye kona iliyozungushiwa mbao fupi, kati ya televisheni na mlango wa jikoni, ili wazoee kelele za watu tangu wadogo. Tulivua viatu na kunawa mikono, hilo likiwa sharti lake la kwanza. Kisha yakaja maswali. Nani anashinda nyumbani? Ngazi zina mlango? Mtu mwenye nyonga mbovu atamkwepaje mnyama anayepita miguuni?

"Mama, mimi ni mnunuzi au mshtakiwa?" fundi akauliza.

"Bado sijajua, baba. Kaa."

Mama wa wale watoto, chiwawa wa rangi ya mchanga, alitubwekea mpaka fundi akapandisha miguu kwenye kochi. Manyoya yalimng'aa, macho hayakuwa na tongotongo, na alitembea bila kuchechemea. Mfugaji alitueleza mambo bila kuremba. Mbwa wa aina hii huteguka kirahisi vile vifupa vya mbele ya goti, hivyo yeye hampandishi yeyote kabla daktari hajamkagua magoti na moyo. Watoto hawaondoki kwake mpaka wapate miezi mitatu hivi. Walivyo wadogo, wakikaa na njaa kidogo tu, sukari hushuka mwilini na wanalegea.

"Nadhani yule wenu aliondoka hivyo," akasema kwa upole. "Alitolewa kwa mama yake mapema mno."

Fundi akatazama sakafu.

Ndani ya zile mbao, mmoja alikuwa akitafuna pindo la zulia na mwingine, jike jeusi, akimpanda mwenzake mgongoni. Lakini fundi hakuwa akiwatazama hao. Karibu na kiti cha mfugaji palikuwa na kikapu chenye taulo, na juu ya taulo mtoto mmoja peke yake, nusu ya ukubwa wa ndugu zake. Fundi alimwinua kwa ncha za vidole, akamweka sikioni. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Huyu," akasema.

"Huyo hauzwi."

"Kwa nini?"

Mfugaji alikishika kidole cha fundi, akakipeleka taratibu juu ya kichwa cha yule mtoto. "Utosi haujafunga. Akianguka kutoka kwenye kochi, basi. Mimi mwenyewe usiku naamka kila mara kumlisha."

"Mama, mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Vitu vidogo, vilivyowashinda wengine."

"Saa ikikushinda wewe, unaifanyaje?"

"Naiweka kwenye droo."

"Na huyu utamweka droo gani, baba?"

Fundi hakumweka chini. Alianza kueleza jinsi atakavyomtengenezea kitanda kando ya taa ya kazi, na hapo simu yake ikalia mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka kwenye spika.

"Mmefika?" Alikuwa mkewe.

"Tumefika."

"Mama yake umemwona?"

"Nusura aninyofoe mguu."

"Vizuri. Mbona sauti yako iko hivyo?" Nyuma yake redio ilikuwa ikiimba. "Fundi. Umeshika kagonjwa."

"Si kagonjwa. Ni kadogo tu."

"Kanatetemeka?"

Angeweza kudanganya, maana mama hakuwa na namna ya kuona. Fundi aliangalia kiganja chake.

"Kanatetemeka."

Upande wa pili redio ikazimwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata yule wa kwanza," mama akasema. "Wewe ulikuwa njiani unakimbia. Hukuona."

Fundi akamrudisha yule mdogo kwa mfugaji, kwa mikono miwili, akaomba aonyeshwe namna ya kuchagua.

Akaonyeshwa. Ufizi uwe wa waridi. Pumzi isikwaruze. Mtoto atembee sakafuni, ale mbele yako, asijifiche uvunguni. Lile jike jeusi lilimaliza bakuli, likamfuata fundi hadi mlangoni likimvuta soksi. Tuliondoka nalo, na chakula lilichokizoea, kadi ya chanjo, kitambaa chenye harufu ya mama yake, na onyo: "Mkishindwa, arudi kwangu. Asiende kwa jirani wala kwa mtu yeyote wa buti."

Nyumbani mama alimfunua midomo, akamkandakanda magoti, akamtegea sikio mbavuni. "Kale kengine kamebaki?"

"Kamebaki."

"Asante." Akamfunika kwa shali lake. "Jina tusimpe kwanza. Yule tulimpa siku ya kwanza."

Niliporudi kuchukua saa yangu, nilisikia makelele juu, nikapanda. Mbwa alikuwa chini ya meza na ndara ya mama mdomoni.

"We mhuni! Lete hapa!"

Mbwa akasimamisha masikio, akaja mbio.

"Umeshampa jina," fundi akasema.

"Nimemtukana tu."

"Mbona kaitika?"

Mama alikuwa ameshainama, pamoja na nyonga yake, wanavutana ndara.