Maharage Juu ya Ramani

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya kata, Nyamwaga, nikisubiri muhuri. Ofisa mipango, mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alikuwa ametandaza ramani mezani akimweleza mtendaji: "Birika la kunyweshea ng'ombe tuliweke hapa katikati, kila mtu afike kwa urahisi."

Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akasogea kutazama.

"Shikamoo, mama," ofisa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Na ng'ombe watapita wapi?"

Ofisa akainamia ramani. Mama akafungua mfuko wake, akatoa maharage, akayapanga punje kwa punje kutoka malishoni hadi kwenye birika.

"Hawa ni ng'ombe. Hapa wanapita kwenye mahindi ya watu, watayala. Wakiyala, wenye mahindi na wenye ng'ombe watapigana. Halafu mtatuita hapa tusuluhishwe."

Ofisa akachukua kifutio. "Tuliweke wapi, mama?"

"Huku pembeni, yaliko malisho."

Nimekaa kwenye semina nyingi za mipango endelevu, zenye chai na sambusa. Hakuna iliyonielewesha upesi hivyo. Nikatamani kumpigia mama makofi, lakini yeye alikuwa ameinama anaokota maharage yake, moja moja.

"Hizi ni mbegu," akasema. "Mvua imekaribia."